Bila Kutoboa

Mimi huosha vyombo vya kioo, ghorofa ya tatu,
Łódź, mtaa uliokuwa wa viwanda vya nguo.
Miaka kumi na tisa nilishona mashati humu humu
kabla cherehani hazijauzwa kwa kilo.
Matofali mekundu ni yaleyale.
Harufu ndiyo iliyohama.

Siku ya kwanza Bogna alinionyesha masizi chupani.
"Hii ni mirija," akasema, "kaboni tupu.
Unywele wako kando yake ni gogo."
Nikacheka. Masizi ni masizi,
nimeyakwangua kwenye bomba la jiko tangu utotoni.

Profesa Gniewosz alitaka paladi ishikwe ikashikika.
Aliichemsha mirija kwenye asidi usiku kucha
hadi kuta zikang'atwa, zikaota vishikizo,
na penye kila kishikizo akafunga metali yake.
Iliganda. Haikutoka hata kwa dua.
Lakini mirija ilikuwa imekufa ganzi:
elektroni zilizozoea kuteleza
sasa zilijikwaa, kovu, shimo, kovu.

Halikunishangaza hilo. Kushona ni kutoboa.
Muulize yeyote aliyewahi kushona hariri:
hata ukiufumua uzi
tundu hubaki likikukodolea macho.
Na kupiga bandi nako ni kutoboa, ila kwa adabu.

Bogna akaja na lake.
Akachukua pairini, pete nne zilizobanana,
bapa kama kigae cha sakafu,
mkiani akaifungia paladi kwa kamba fupi,
akaimimina penye mirija, akakoroga, akangoja.
Hakuna asidi. Hakuna moto.
Ubapa ukaukuta ubapa, ukalala juu yake,
kama kiganja kwenye kioo cha dirisha mwezi wa Januari,
kama nyuzi za pamba zilizokuwa zikijibandika sketini mwangu
zikanifuata hadi ndani ya tramu
bila kudaiwa nauli.

Akachuja. Mimi ndiye niliyeshika faneli.
Kilichoingia kilikuwa cha rangi ya asali,
kilichotoka kilikuwa maangavu, maji ya theluji.
Rangi yote ilibaki juu, ndani ya weusi.
Bogna hakusema kitu.
Alivua miwani akaifuta, akavaa,
akavua tena.

Usiniambie ni kama mapenzi.
Radomir wa vipimo alisema hivyo
nikamsukumia beseni la chupa chafu.
Mapenzi yangu niliyaona: yalikuwa na cheti,
na yalitoboa.
Hili ni jambo jingine, jina lake sina.
Ukipasha moto, mshiko hulegea,
paladi hubanduka ukutani, huogelea,
hufanya kazi iliyoitiwa,
ikishika huyu, ikimpa yule, ikiachia,
na chungu kikipoa
hurudi.
Palepale, au kwa jirani.
Nimeangalia mara tano. Sikuona anayeiita.

Si yote inayorudi. Mzunguko wa sita
kilichochujwa kilikuwa na umanjano wa mbali,
kama maji ya kusuuzia kikombe cha chai.
Bandu bandu. Profesa akagonga namba kwa kidole:
asilimia tatu imekwenda na maji,
na kesho je?
Swali lake ni la haki. Bogna aliliandika daftarini,
akapigia mstari, akaenda kumchukua mtoto shuleni.

Nimebaki na chupa ya mzunguko wa sita.
Kazi yangu ni kuiosha.
Naigeuza penye taa: utando wa masizi
umeshika kioo kwa ndani,
hakuna aliyeugundisha.
Naugusa kwa brashi. Unaachia mara moja,
hata sijakaza mkono.

Nainua brashi.
Umo kwenye brashi.